Bwana Alexander Mackay wa Usambiro na Maana ya Noeli

Kila mwaka, mvua za kwanza zikiisha kuilainisha nchi ya Usukuma na watu wakiwa mashambani na majembe yao, hutufikia Sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bwana wetu. Ndipo makanisa hujaa, nyimbo husikika vijijini, na hata wale walioondoka kwenda kutafuta dhahabu katika vilima vya Geita, au almasi huko Mwadui, hutamani kurudi makwao wapate kula pamoja na baba na mama zao. Hayo yote ni mema. Walakini Noeli si nguo mpya, wala si wali na nyama. Maana yake ni jambo moja lililo kubwa kuliko akili zetu, ya kwamba Mungu hakutuletea ujumbe tu kutoka mbali, bali alikuja mwenyewe, akatwaa mwili wetu, akakaa katika nyumba ya maskini, akafanya kazi ya mikono, na mwisho akafa mauti yetu.

Katika kitabu hiki cha yubilei twawakumbuka waliotutangulia. Na miongoni mwa waliolileta neno hilo katika pande za Ziwa letu, hakuna ajulikanaye zaidi kuliko Bwana Alexander Mackay, ambaye kaburi lake la kwanza lilichimbwa huku kusini ya Ziwa, katika nchi ya Usambiro. Tumeona vema kueleza maisha yake. Hatufanyi hivyo ili kumtukuza mtu, kwa maana yeye naye alikuwa na makosa yake. Bali ni kwa sababu maisha ya mtu aliyekaa kati ya watu mpaka kufa yaweza kutufahamisha Noeli kuliko maelezo mengi.

Ujana wake

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, tena mtu wa elimu nyingi, akamfundisha mtoto wake mwenyewe nyumbani. Wazazi walitumaini ya kuwa kijana atashika kazi ya baba yake na kusimama mimbarani. Lakini moyo wake ulivutwa na kazi za mikono. Alipenda kutazama mhunzi akifua chuma, na seremala akiranda mbao, na mitambo ikizunguka. Alipokua alijifunza ufundi wa mitambo katika mji wa Edinburgh, na mwaka wa 1873 akaenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin katika nyumba ya kutengeneza mitambo. Angeweza kukaa huko na kupata mali na sifa.

Basi, mwaka wa 1875 msafiri Stanley alifika Buganda, akaonana na Kabaka Mutesa, akaandika barua iliyopigwa chapa katika gazeti la London, akiomba Wakristo wa Uingereza wapeleke walimu katika nchi ile. Naye alisema wazi kwamba hawakutakiwa watu wa kuhubiri tu, bali watu wajuao kujenga, kulima na kuponya wagonjwa. Mackay akajitoa kwa Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, kile kiitwacho CMS, naye akakubaliwa. Aliondoka Southampton tarehe 27 Aprili 1876 pamoja na wenzake, naye ndiye aliyekuwa mdogo wa wote kwa umri. Walipoagwa aliwaambia wakubwa wa chama wasishangae wakisikia, kabla ya miezi sita kupita, ya kuwa mmoja wao amekufa. Akawaomba habari hiyo isiwavunje moyo, ila wapeleke mtu mwingine mara moja kushika mahali pake. Ikawa kama alivyosema, kwa kuwa mmoja wa wenzake, fundi wa kujenga, alikufa Unguja mwaka ule ule.

Hapa na tusimame kidogo. Bwana wetu alipokuja duniani, miaka yake mingi hakuipitisha katika kufundisha makutano, bali katika nyumba ya seremala huko Nazareti. Watu walimjua kuwa mtu wa kazi kabla hawajamjua kuwa mwalimu. Kijana huyu wa Uskoti alilifahamu jambo hilo. Hakufikiri ya kuwa nyundo ni kitu cha dunia na Injili ni kitu cha mbinguni, bali vyote viwili alivitwaa mkononi mwake pamoja.

Safari ya bara

Alifika Unguja mwishoni mwa mwezi wa Mei 1876, akaanza safari ya kwenda bara. Lakini alipofika Ugogo homa ilimshika sana, hata wenzake wakamrudisha pwani. Hakurudi Ulaya. Alipopata nguvu alipewa kazi ya kufungua njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230, naye mwaka wa 1877 aliifanya, akikata miti na kufunga madaraja, pamoja na watu wa kazi aliowaandika pwani.

Wakati huo huo habari ya huzuni ilikuwa ikija kutoka Ziwani. Mwezi wa Desemba 1877, karibu na Noeli, wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe, kwa ajili ya ugomvi uliokuwa kati ya mtemi Lukonge na mfanya biashara mmoja jina lake Songoro. Mackay alipofika Kagei, pwani ya kusini ya Ziwa, mwezi wa Juni 1878, watu walidhani atatafuta kisasi. Yeye alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akakaa mbele ya mtemi yule, akasikiliza maneno yake, wakapatana. Malaika waliwapasha wachungaji wa Bethlehemu habari ya amani duniani. Na amani hiyo haikuletwa kwa upanga, bali na Mtoto asiye na ulinzi. Mackay alikwenda Ukerewe kwa njia hiyo hiyo.

Katika baraza la Mutesa

Mwezi wa Novemba 1878 alifika Buganda. Mutesa alimpokea vizuri, akafurahi sana kwa ufundi wake. Mackay alijenga, akafua chuma, akachimba kisima na kuweka bomba la kuvuta maji, na watu walistaajabu. Wala hakusahau kazi iliyomleta. Alijifunza lugha ya Kiganda, akachonga herufi za mti kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za kusomea, na vijana wa ikulu wakaja kwake mchana na usiku kujifunza kusoma.

Lakini haikuwa furaha tupu. Mwezi wa Februari 1879 walifika Buganda mapadre Wafaransa wa shirika la White Fathers, na mbele ya Mutesa walimu wa pande hizo mbili walishindana kwa maneno makali, hata Kabaka na wakuu wake wakauliza ni nani kati yao mwenye dini ya kweli, ikiwa Wazungu wenyewe hawapatani. Hilo ni jambo la kusikitisha, nasi hatulifichi. Mackay alikuwa mtu wa ulimi mkali, mwenye haraka ya kuhukumu, na kwa jambo hilo aliwatia mashaka watu wale wale aliotaka kuwavuta kwa Kristo.

Tena, siku chache kabla ya Noeli ya mwaka wa 1879, Mutesa alikusanya baraza kubwa. Wakuu wakakata shauri kuiacha dini ya Waarabu na dini ya Wazungu pia, na kuirudia ile ya baba zao, maana walikuwa wamemtumaini Mukasa, mungu wa Ziwa, kwamba atamponya Kabaka ugonjwa wake. Basi Noeli ile iliwakuta walimu wakiwa kama watu waliofungiwa mlango. Nao wasomaji wa Injili wajua ya kuwa Noeli ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo: palikuwa hapana nafasi katika nyumba ya wageni. Mackay hakuondoka. Alirudi kwenye kiwanda chake, akaendelea kufua chuma na kufundisha wachache waliothubutu kuja. Na tarehe 18 Machi 1882 watu watano walibatizwa, wa kwanza wa Kanisa lile katika Buganda.

Mwaka huo mama yake Mutesa alikufa, na Kabaka akamtaka Mackay amtengenezee majeneza. Akafanya kazi usiku na mchana kwa siku nyingi, akayatengeneza makubwa mno, na ndani ya kaburi ikatiwa nguo nyingi sana za thamani. Mackay alihuzunika kuona mali nyingi namna ile ikifukiwa ardhini kwa heshima ya mtu aliyekufa. Ni desturi ya wafalme wa dunia kuonyesha ukuu wao kwa vitu vingi, tangu kuzaliwa hata kuzikwa. Mfalme wetu alilazwa katika hori ya ng'ombe, na siku ya kufa kwake akazikwa katika kaburi la kuazimwa.

Damu ya watoto

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akaketi mahali pake. Kijana huyo aliwaogopa Wazungu, kwa kuwa alisikia ya kwamba wanatwaa nchi pwani, akadhani kila asomaye kitabu chao amekuwa mtu wao. Mwezi wa Januari 1885, Mackay na mwenzake Ashe walipokuwa njiani kwenda Ziwani, askari wa Kabaka waliwakamata vijana waliofuatana nao. Walimu walijitahidi kuwaombea lakini hawakusikilizwa. Tarehe 31 Januari watatu kati yao, Marko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto. Yusufu alikuwa mtoto bado.

Kanisa limeweka karibu sana na Noeli, tarehe 28 Desemba, ukumbusho wa watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Wengine hushangaa kwa nini furaha ile ifuatwe upesi na msiba. Lakini ndivyo yalivyo mambo ya dunia hii ambayo Bwana alikuja kuiokoa. Mfalme mwenye hofu hukimbilia kumwaga damu ya wadogo. Mungu aliyefanyika mtoto aliingia katika hatari hiyo yeye mwenyewe, akakimbizwa Misri kwa usiku. Kwa hiyo mama anayemlilia mtoto wake hawezi kuambiwa ya kuwa Mungu hajui.

Baadaye mateso yalizidi. Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga alipokuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki, na mwaka wa 1886 Wakristo wengi, wa Kanisa la Roma na wa Kanisa la Uingereza, walichomwa moto Namugongo kwa siku moja, tarehe 3 Juni. Wale waliobishana barazani walimu wao, wao wenyewe walikufa bega kwa bega. Mackay aliwapelekea waliojificha karatasi aliyoipiga chapa, ya kuwatia moyo. Mwenzake Ashe alipoondoka, yeye alibaki peke yake karibu mwaka mzima, akitafsiri na kupiga chapa Injili ya Mt. Mathayo kwa Kiganda.

Usambiro

Mwezi wa Julai 1887 Mwanga alimtaka aondoke, kwa mashauri ya wafanya biashara Waarabu. Akaacha mwenzake mwingine, Gordon, mahali pake, akavuka Ziwa kuja kusini, akajenga Usambiro, mwisho wa ghuba ile ndefu ipitayo Mwanza. Wengi wangaliona kwamba kazi imeshindwa. Yeye alianza upya. Alichoma matofali, akajenga nyumba na kiwanda, akaweka mtambo wa kupiga chapa, akatengeneza gari la kuvutia magogo kutoka mwituni, akaanza kutengeneza mashua mpya itakayokwenda kwa moshi, ili njia ya Buganda isifungwe tena.

Huku pia mauti yalimzunguka. Mwezi wa Machi 1888 alimzika Blackburn, na siku chache baadaye Askofu Parker, aliyekuja kushika mahali pa Hannington. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, walimu wote walifukuzwa Buganda. Wale wa Kanisa la Uingereza na mapadre Wafaransa walitiwa katika mashua moja. Na katikati ya safari kiboko aliipiga mashua, ikazama, wengine wakafa maji. Waliookoka wakafika pande zetu za kusini, na Gordon na mwenzake Walker wakapata makao kwa Mackay. Hivyo watu ambao mbele ya Mutesa hawakuweza kukaa katika baraza moja kwa amani, walikuwa wamesafiri katika chombo kimoja na kuogopa mauti mamoja.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley alifika Usambiro pamoja na Emin Pasha na msafara wao wenye taabu nyingi. Wakakaa karibu siku ishirini, wakala, wakapumzika, wakapona. Stanley alistaajabu kumwona mtu mmoja akifanya kazi bila kulalamika mahali palipozungukwa na makaburi ya rafiki zake. Msafara ulipokuwa tayari kwenda pwani alishawishiwa aende nao. Alikuwa hajaiona nchi yake kwa miaka kumi na mitatu. Akakataa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushika mahali pake.

Mbao za mashua

Noeli ya mwaka wa 1889 ilikuwa ya mwisho kwake hapa duniani, na ya kumi na nne tangu alipofika Afrika. Baada yake homa kali ilimshika, naye akafa tarehe 8 Februari 1890, mwenye umri wa miaka arobaini. Mwenzake Deekes, mwenyewe mgonjwa, ndiye aliyekuwa karibu naye, pamoja na Wakristo Waganda. Jeneza lake walilitengeneza kwa mbao ambazo yeye alikuwa amezikata kwa ajili ya mashua, wakamzika karibu na Askofu Parker, na Waganda wakaimba kwa lugha yao. Mwaka wa 1927 mifupa yake ilichukuliwa Buganda, ikazikwa Namirembe karibu na kanisa kuu.

Mambo mawili aliyoshika mkononi mwisho wa maisha yake yatupasa kuyafikiri. Injili ya Mathayo, aliyoipiga chapa, yatueleza habari ya Mamajusi na Herode na kukimbilia Misri. Injili ya Yohana, aliyokuwa akiitafsiri mauti yalipomkuta, yaanza kwa Neno aliyekuwako tangu mwanzo, naye akafanyika mwili, akakaa kwetu. Moja yatuonyesha Noeli kwa macho, na ya pili yatuonyesha kwa moyo.

Maana yake kwetu

Mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Nchi hii yetu Mungu ameijalia dhahabu. Mackay alipokaa Usambiro, Wazungu hawakujua bado habari ya dhahabu ya Geita, wala almasi ya Shinyanga, iliyovumbuliwa Mwadui mwaka wa 1940. Aliishi jirani ya mali kubwa bila kuijua. Na alichokitoa kwa Mtoto wa Bethlehemu kilikuwa mikono yake, miaka yake, na mwisho mwili wake. Tangu miaka ya 1930, mitambo mikubwa ilipoanza kuchimba Geita, watu wengi wamekuja kutoka mbali kutafuta mali. Wengine wamejenga nyumba na kusomesha watoto. Wengine wamefunikwa na udongo mashimoni, na wengine wamesahau wake zao na wazee wao. Kuchimba si dhambi. Lakini tuangalie mpangilio wa hadithi ile: dhahabu iliwekwa chini, mbele ya Mtoto. Pale ambapo mtoto huwekwa chini mbele ya dhahabu, yaani anapoachishwa shule ili aponde mawe, pale Noeli haijafika, hata kama kengele zinalia.

Nanyi waalimu, mara nyingi mwaona kazi yenu kuwa ndogo. Mwafundisha herufi zile zile mwaka hata mwaka, na mwenye kuwashukuru haonekani. Kumbukeni ya kuwa Mackay alianza kwa herufi za mti, na ya kuwa wasomaji wake wa kwanza walikuwa wachache kuliko watoto wa darasa moja lenu. Hakuyaona matunda. Mashua yake haikumalizika, na Buganda hakuirudia akiwa hai. Hata hivyo walioshika Injili aliyoipiga chapa walikuwa tayari wengi kuliko alivyojua.

Nasi sote, tunapokusanyika katika sikukuu hii ya yubilei, tusiulize tu ni makanisa mangapi yamejengwa. Tuulize kama sisi nasi tumekaa kati ya watu wa mahali petu kama Bwana alivyokaa kwetu: kama mgonjwa ana mtu wa kumkalia usiku, kama adui yetu ametuona tukimwendea bila silaha, kama ndugu wa madhehebu mengine ametuona kuwa wasafiri pamoja naye katika mashua moja. Mwenye kufanya hayo ameishika Noeli, hata kama siku ile hana nguo mpya ya kuvaa. Mungu, aliyemtoa Mwanawe azaliwe katika umaskini wetu, atujalie kukaa naye mpaka mwisho, na wale waliotutangulia awape raha ya milele.